Swali la mama kuhusu mate

Vidole vya mama yangu vina sugu pembeni, pale sindano inapoingia. Si sugu za jembe wala za kufua nguo. Hizi ni vidoa vidogo, vigumu, ambavyo huwezi kuviona mpaka umshike mkono. Anaishi na kisukari mwaka wa 14 sasa. Kila alfajiri, kabla hajatia kitu mdomoni, huvikunjua vidole vyote kumi na kuvitazama, kama mzazi anayetafuta ni mtoto gani hajatumwa leo.

Jioni moja damu iligoma. Alitoboa, akakamua, akatoboa kidole cha pili, tone likaja dogo, mashine ikasema halitoshi. Stripu, kile kikaratasi cha kuwekea damu, ikatupwa. Akakaa kimya na pamba yake mkononi, halafu akaniuliza, "Mwanangu, hivi haya mate hayana sukari? Si yanatoka mwilini humu humu?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikamwambia nitalitafuta jibu. Nimelitafuta kwa miezi, mwanzoni kwa ajili yake, baadaye kwa sababu swali lenyewe lilikataa kuniachia. Ninaloandika hapa ndilo jibu, na ni refu kwa kuwa jibu la mkato lingemdanganya.

Kiswahili kiliyachunguza mate kabla ya maabara. Aliyeshikwa na njaa akaona sahani inapita, anameza mate. Aliyeshtuka, mate yamemkauka. Misemo hiyo miwili inaeleza sawasawa kazi ya mishipa ya fahamu inayoziendesha tezi za mate: upande mmoja hufungulia mate mengi na mepesi mwili unapotulia na kungoja mlo, upande wa pili, ule wa hofu na mbio, huacha mate machache na mazito. Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, aliyapima mate ya mbwa wake tone kwa tone kupitia njia iliyofunguliwa shavuni. Kuyasoma mate ili kujua yanayoendelea ndani ya mwili ni wazo la zamani. Jipya ni kukivaa chombo chenyewe, kikakaa kinywani siku nzima, kikasoma na kutuma.

Tuanze na mate yenyewe. Tuna jozi tatu za tezi kubwa: moja mbele ya masikio, moja chini ya taya, moja chini ya ulimi. Zipo pia mamia ya tezi ndogo ndogo zilizotawanyika midomoni, mashavuni na kwenye kaakaa. Kwa siku moja zote hizo hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu, na karibu asilimia 99 ya hayo ni maji. Asilimia moja iliyobaki ndiyo inayowakesha wanasayansi: chumvi za madini, protini, vimeng'enya vya kuvunja wanga, kingamwili, homoni, mabaki ya dawa, na taka ambazo figo zilipaswa kuziondoa.

Vitu hivyo hufikaje pale? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine, na nadhani hapa ndipo jibu la mama lilipojificha. Tezi ya mate imezungukwa na vishipa vyembamba vya damu, lakini haichuji damu kama kitambaa kinavyochuja tui. Ina ukuta wa seli zilizoshikana, na kila kitu hupita ukuta huo kwa njia yake. Vitu vinavyoyeyuka kwenye mafuta, kama kotisoli, homoni ya msukosuko, na homoni nyingine za jamii yake, hupenya seli moja kwa moja bila kubisha hodi. Vitu vidogo vinavyopenda maji hujibana kwenye nyufa kati ya seli na seli, na vichache tu hufaulu. Vingine hupitishwa kwa nguvu, seli zenyewe zikivisukuma. Kisha kuna mlango wa uani ambao watu wengi hawaujui: kwenye ukingo wa fizi, pale jino linapoota, majimaji ya damu huvuja kidogo kidogo na kuchanganyika na mate. Kwa hiyo tone moja la mate lina barua zilizopita njia tofauti, nyingine zimefika nzima, nyingine zimechanika, nyingine zimeandikwa upya njiani.

Kotisoli hufika nzima, na kwa namna ya kupendeza. Sehemu kubwa ya kotisoli iliyomo kwenye damu imebebwa na protini, haifanyi kazi. Ile iliyo huru peke yake ndiyo inayofanya kazi mwilini, na hiyo ndiyo inayopenya hadi kwenye mate. Mtu akipima mate anapima moja kwa moja kile kinachotenda. Ndiyo maana madaktari wanaochunguza ugonjwa wa Cushing, ambapo mwili hutoa kotisoli kupita kiasi, humwomba mgonjwa akusanye mate usiku wa manane nyumbani kwake, saa ambayo homoni hiyo inapaswa kuwa chini kabisa. Hebu fikiria kumpima mtu homoni ya msukosuko kwa kumchoma sindano: sindano yenyewe inatosha kuipandisha. Dawa ya kifafa inayoitwa fenitoini nayo hufuata njia hiyo. Ile sehemu iliyo huru, karibu moja ya kumi ya dawa yote iliyo kwenye damu, ndiyo inayoonekana kwenye mate.

Glukosi, yaani sukari yenyewe ya damu, haina bahati hiyo. Kwenye damu ya mtu mwenye afya, kabla hajala, huwa kati ya milimoli 4 na 5.6 kwa lita. Kwenye mate ya mtu huyo huyo mara nyingi haifiki hata milimoli 0.2. Inapita ukuta kwa shida, na ikishapita inakuta bakteria wa kinywani wanaoila. Mate yakiongezeka inazimuliwa. Fizi zikivimba na kuvuja damu inapanda ghafla, ingawa sukari ya mwilini haijabadilika. Na kama mtu ametoka kula kitu kitamu, kipimo kitasoma mabaki yaliyobaki kinywani kwa uaminifu mkubwa, na kitakuwa kimekosea kabisa. Watafiti wengi wamelinganisha sukari ya mate na ya damu. Kwa makundi ya watu uhusiano huonekana, wenye kisukari kwa wastani huwa na sukari zaidi kwenye mate. Lakini mama si wastani. Mama anataka kujua leo, saa hii, achome insulini kiasi gani.

Hilo ndilo lililonifanya niheshimu kazi ya watu wanaojaribu. Wote wanasimama juu ya wazo la Mmarekani Leland Clark, aliyeeleza mwaka 1962, pamoja na mwenzake Champ Lyons, jinsi ya kukilaza kimeng'enya juu ya elektrodi, kipande kinachopitisha umeme, ili kupima sukari. Katika namna iliyoenea baadaye, kimeng'enya hukutana na glukosi, kinaivunja, haidrojeni peroksaidi inazaliwa, na elektrodi inaihisi kama mkondo mdogo wa umeme. Stripu anayotumia mama ni mjukuu wa wazo hilo. Kibandiko cha mkononi kinachopima sukari mfululizo, kile chenye uzi mwembamba unaokaa chini ya ngozi kwa wiki moja au mbili, nacho ni wa ukoo huo. Kilichobaki ni kulihamishia wazo hilo kinywani, na kinywa si mahali pa kukaribisha wageni.

Nilishangaa kugundua kwamba walioanza ni watu wa meno. Tangu miaka ya 1960, huko Zurich nchini Uswisi, watafiti walikuwa wakipachika elektrodi ndogo ndani ya meno bandia ya watu wa kujitolea, kisha kuwaomba wasilipige mswaki eneo hilo kwa siku kadhaa mpaka ukoga uote juu yake. Baada ya hapo mtu hula kitu fulani, na watafiti wanatazama kiwango cha asidi, yaani pH, kikishuka chini ya ukoga ule ule, mahali ambapo jino huoza kwa kweli. Ikibaki juu ya 5.7 wakati wa kula na kwa nusu saa baadaye, bidhaa hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa haidhuru meno. Kipimo hicho bado kinatumika. Hakuna simu ya mkononi, hakuna programu. Ni waya, elektrodi na ukoga. Ninakitaja kwa sababu tunapenda kuzungumzia vihisi vya kinywani kana kwamba vimeshuka jana kutoka mbinguni, wakati kile cha zamani kuliko vyote kilifaulu kwa kuuliza swali linalokihusu kinywa chenyewe.

Miaka ya karibuni mambo yamekwenda mbio. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kibandiko cha grafini, utando mwembamba mno wa kaboni, kilichochapwa juu ya hariri, ambayo huyeyuka kwa maji na kuiacha grafini imeshika jino. Juu yake kulikuwa na vipande vya protini vinavyowanasa bakteria, na antena ndogo ya dhahabu ya kusomea bila waya. Walikibandika kwenye jino la ng'ombe, na lengo lao mojawapo lilikuwa Helicobacter pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo. Mwaka 2014 maabara ya Joseph Wang, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego, ilichapa elektrodi juu ya kinga ya meno, ile kama wanayovaa mabondia, ikapima kwenye mate laktati, kitu ambacho misuli hutoa inapofanya kazi nzito. Mwaka uliofuata ikapima asidi ya yuriki na kutuma matokeo bila waya. Mate yalikuwa yamekusanywa kwanza, bado hayakupimwa ndani ya kinywa cha mtu. Huko Tokyo, Kohji Mitsubayashi na wenzake walitengeneza kinga ya meno ya kupima glukosi. Toleo la mwaka 2016 lilijaribiwa kwenye taya la mfano lenye mate ya kutengeneza, likafanya kazi kwa zaidi ya saa tano. Baadaye waliifunika elektrodi kwa utando mwembamba wa selulosi unaozuia vitamini C na asidi ya yuriki, kwa kuwa vitu hivyo viwili huitia elektrodi ishara ya uongo.

Kinachonivutia kuliko vyote ni kidogo kuliko vyote. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts walieleza kihisi cha milimita 2 kwa 2, kinachobandikwa juu ya jino. Hakina betri. Kina tabaka tatu: vipande viwili vya dhahabu, juu na chini, na katikati utando unaonyonya kile kinachopimwa, iwe glukosi, chumvi au pombe. Utando ukinyonya, tabia yake ya umeme hubadilika, na mawimbi ya redio yanayotumwa kutoka nje hurudi yakiwa na sauti nyingine, kama ngoma iliyomwagiwa maji. Kukosa betri ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Zile betri bapa kama kifungo, zikimezwa na kukwama kwenye umio, zinaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Na kitu kilichoko kinywani, iko siku kitamezwa. Mbunifu asiyeanza na wazo hilo bado hajaanza.

Halafu kuna watoto wachanga. Mwaka 2019 maabara ile ile ya San Diego ilionyesha chuchu bandia inayopima glukosi: mtoto akinyonya, mate husukumwa kwa mrija wa njia moja hadi kwenye kihisi kilichoko nje ya kinywa, ambako mtoto hawezi kukifikia. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington na wenzao walitumia chuchu bandia kupima sodiamu na potasiamu kwa watoto wachanga waliokuwa chumba cha uangalizi maalumu. Yeyote aliyewahi kumwona mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake akitafutiwa mshipa ataelewa kwa nini nilisoma habari hiyo mara mbili. Damu ya mtoto wa kilo moja haizidi sana kikombe kidogo cha kahawa. Kila tone linalochukuliwa kwa kipimo ni tone analolihitaji.

Sasa ugumu wenyewe. Piga mswaki, suuza, kisha subiri: ndani ya dakika chache tu utando wa protini za mate umeshalala juu ya kila jino, na juu ya kila kitu kingine kilichoko humo. Elektrodi nayo hufunikwa, na iliyofunikwa husikia kama mtu aliyeziba masikio kwa pamba. Baadaye bakteria huja kujenga juu ya utando huo. Kinywaji cha moto hupita, cha baridi hufuata, na kimeng'enya hakipendi joto la kupita kiasi. Meno husaga. Ulimi hauachi kitu kigeni kitulie; kila mtu aliyewahi kuwa na jino lililovunjika anajua ulimi unavyokwenda pale pale mchana kutwa. Usiku, mtu akilala, mate hupungua mpaka karibu yasitoke, na usiku ndio wakati ambao mwenye kisukari anaogopa zaidi sukari kushuka bila yeye kujua. Hata kama yote hayo yangetatuliwa, sukari ya mate huchelewa nyuma ya ile ya damu, na kuchelewa huko hakulingani kwa watu wote.

Tumeshaona njia ya aina hii ikiishia wapi. Mwaka 2014 Google walitangaza lenzi ya jicho ya kupima sukari kwenye machozi. Dunia ilishangilia, nami nilishangilia, nikamsomea mama habari hiyo kwa sauti. Mwaka 2018 Verily, kampuni dada iliyokuwa imeirithi kazi hiyo, ilisema wazi kwamba inasimamisha, kwa kuwa uhusiano kati ya sukari ya machozi na ya damu haukuwa thabiti kiasi cha kutegemewa kitabibu. Ninawaheshimu kwa kusema. Elektroniki yao ilikuwa ya ajabu, lakini machozi hayakuwa na habari waliyoitaka. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu dhidi ya saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Hakuna hata moja iliyokuwa imeidhinishwa. Onyo hilo nimelitafsiri na kumtumia kila ndugu anayemtumia mama matangazo ya saa za aina hiyo. Mtu akichoma insulini kwa kufuata namba ya uongo anaweza asiamke, na jambo hilo siwezi kulizungumzia kwa upole.

Basi mimi naamini nini? Naamini kihisi cha mate kitafaulu pale kitakapoacha kuiga damu. Asidi ya yuriki, inayoleta jongo, huonekana kwenye mate kwa kiasi kinachofuatana vizuri na damu, na mgonjwa wa jongo hahitaji namba kila dakika tano. Akijua mwelekeo wa wiki, inamtosha. Asidi chini ya ukoga inapimwa palepale madhara yanapotokea, hakuna haja ya kukisia kutoka kwingine. Kingamwili za VVU zinapimwa kinywani tayari, kwa kijiti kinachopitishwa juu ya ufizi. Kipimo hicho kinategemea ule mlango wa uani nilioutaja, majimaji yanayovuja kwenye fizi, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watu waruhusiwe kujipima VVU wenyewe. Na vipo vyombo vya kinywani ambavyo havina habari na mate kabisa: kuanzia 2024 raga ya kimataifa imeingiza kinga za meno zenye vihisi vya mshtuko kwenye utaratibu wake wa kuchunguza majeraha ya kichwa, zikimtumia daktari wa mechi ishara mchezaji anapogongwa kwa nguvu fulani. Meno ya juu yameshikamana na fuvu, kwa hiyo yanahisi kile fuvu linachohisi, kuliko kofia au kibandiko cha shingoni. Hapo kinywa kimechaguliwa kwa sababu ya kweli.

Jambo moja linanisumbua na sitalirefusha. Wahenga walisema kinywa ni jumba la maneno, na jumba lina mlango unaoweza kufungwa. Mate yanasema bila kuulizwa. Kotinini, alama ya tumbaku, hukaa humo kwa siku. Pombe huonekana. Dawa za akili huonekana. Chombo kinachokaa kinywani mwangu usiku na mchana kitajua mambo ambayo sijamwambia hata mke wangu, na kitayatuma mahali fulani. Ningependa swali la nani anayasoma liulizwe kabla kihisi hakijabandikwa, na liulizwe na mwenye kinywa.

Nilipomaliza kusoma nilirudi kwa mama na daftari. Nilimweleza njia zote, ukuta wa seli, bakteria, mlango wa uani. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo yana sukari," akasema, "ila ni wambea." Nikakubali.

"Na mimi je?" akauliza. "Mimi mate yenyewe sina."

Alilisema kama jambo dogo. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilikuwa nimeona chupa ya maji kando ya kitanda chake, nikadhani ni kiu ya sukari iliyopanda. Nilikuwa nimesoma kwamba watu wenye kisukari, na wazee wanaotumia dawa nyingi, ndio wanaokauka kinywa zaidi, kwamba mamia ya aina za dawa zinaweza kupunguza mate. Nilikuwa nimeiandika sentensi hiyo daftarini kama ugumu wa kiufundi: kihisi kitapata wapi mate ya kupima kwa mtu anayekihitaji zaidi? Haikunijia kwamba mtu huyo alikuwa ameketi mbele yangu.

Ipo njia ya kupima wingi wa mate isiyohitaji chombo chochote cha maabara. Mtu anakaa saa nzima bila kula wala kunywa, kisha anainamisha kichwa juu ya kikombe na kuyaacha mate yadondoke yenyewe kwa dakika tano, bila kutafuna, bila kunyonya ulimi. Yakiwa chini ya mililita 0.1 kwa dakika, yamepungua kupita kawaida. Asubuhi iliyofuata tulikaa mezani sote wawili, kila mtu na kikombe chake, vichwa vimeinama, saa ikihesabu. Niliyavuta ya kwangu kwa bomba la sindano lisilo na sindano: mililita 2 na kidogo. Ya mama: 0.3. Niligawa kwa tano mara mbili ili nihakikishe. Ilikuwa 0.06.

Tulikwenda kwa daktari wake na namba hiyo. Alizipitia dawa moja moja, akasimama kwenye kidonge cha usiku, amitriptilini, alichokuwa amepewa kwa ajili ya miguu inayowaka moto kwa sababu ya mishipa ya fahamu iliyoathiriwa na sukari. Ni dawa nzuri kwa maumivu hayo, na inajulikana kwa kukausha kinywa. Akamwondolea dawa hiyo taratibu, akampa nyingine, akamtuma pia kwa daktari wa meno, aliyekuta meno mawili yameanza kuoza kwenye mizizi, pale fizi ziliposhuka. Mate ndiyo yanayolilinda jino. Yakipungua, asidi hukosa wa kuizima.

Wiki sita baadaye tuliinama tena juu ya vikombe. Ya mama yalifika mililita 0.7 kwa dakika zile tano, yaani 0.14 kwa dakika, na alisema miguu haijawa mibaya zaidi. Chupa ya maji imerudi jikoni. Vidole bado anatoboa, alfajiri na jioni, na mashine bado inakataa tone dogo. Lakini daftari lake la sukari, lenye tarehe upande wa kushoto na namba upande wa kulia, sasa lina safu ya tatu. Aliichora yeye mwenyewe kwa rula, na juu yake akaandika MATE. Tunapima kila Jumapili.